"Mashallah, Mtoto Ana Afya"
(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana, Loresho, Nairobi)

Wazazi wangu, ndugu zangu vijana. Sisi mtoto akinenepa hatusemi amenenepa, twasema "mashallah, ana afya". Mimi mwenyewe nilikuwa na hiyo afya. Nyumbani nasifiwa, madrasa naitwa Bonge, na mpira ukichezwa nawekwa golini kwa sababu naziba. Kwa hivyo leo sikuja kumcheka mtoto wa mtu. Nauliza tu: hii afya inatoka wapi?

Utafiti wa nchi 12 uitwao ISCOLE uliwapima watoto wa Nairobi wa miaka 9 hadi 11. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa amezidi uzito. Na walioelekea zaidi huko ni watoto wa wenye uwezo. Ulaya na Marekani mara nyingi ni kinyume, maskini ndiye huzidi unene. Hapa kwetu, jamaa, anayeambiwa ni Loresho.

Hebu angalieni. Mtoto wa Kangemi, hapo jirani tu, huenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wetu basi humchukua getini alfajiri, jioni likamshusha getini. Nje hatoki, twaogopa magari na watu tusiowajua, na hofu hiyo si ya bure. Basi apewe simu, atulie! Shirika la Afya Duniani lataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 atumie mwili kwa nguvu dakika 60 kwa siku. Mdogo wangu hafikishi kumi.

Wako waliorithi maumbile, sikatai. Lakini maumbile hayakubadilika juzi, sahani ndiyo iliyobadilika. Na Ramadhan ndiyo tunazidisha. Mtoto amefunga mpaka adhuhuri, zawadi yake soda. Nusu lita hiyo ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai. Magharibi sambusa, bajia, viazi karai, kaimati zinaogelea kwenye shira. Baada ya tarawehe, pilau. Analala saa sita, anaamshwa daku, na usingizi ukipungua njaa huzidi. Kina baba mnaoleta chipsi kuku kwa sababu mmechelewa kazini, nanyi mmo, msiwaachie kina mama peke yao.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Watoto wetu tunawahifadhisha hadithi hiyo madrasa, kisha nyumbani twawalazimisha wamalize sahani!

Sasa ombi. Baada ya Idi tunataka wazazi watano wa kuwasindikiza watoto madrasa kwa miguu, kwa zamu. Daftari liko kwa ndugu zetu mlangoni. Na mpira utachezwa kila Jumamosi, golini tutaingia kwa zamu vilevile.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.