Kuuliza Waziwazi: Utambuzi wa Hatari ya Kujiua na Msaada kwa Aliye Katika Dhiki

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika Afrika Mashariki tatizo hili hufichwa si kwa aibu peke yake bali pia kwa hofu ya sheria, kwani kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na nchini Kenya kifungu cha 226, kinachofanana nacho, kilitamkwa na Mahakama Kuu Januari 2025 tu kuwa kinakiuka Katiba. Kwa sababu hiyo jamaa wanaomfikisha hospitalini mtu aliyejaribu kujiua hudai kwamba alikosea dawa, naye muuguzi hutibu mwili na kumruhusu arudi nyumbani bila kuulizwa lolote.

Hatari ya kujiua haina chanzo kimoja. Aliyewahi kujaribu yumo hatarini zaidi, na hatari huongezwa na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayomwondolea mtu usingizi na hamu ya maisha, pamoja na ulevi, maradhi sugu, madeni na fedheha. Anayegawa vitu avipendavyo, au anayesema "hivi karibuni sitawasumbua tena", anastahili kuulizwa siku hiyohiyo.

Wengi huogopa kuuliza wakidhani swali litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, ilhali tafiti haziungi mkono dhana hiyo, na mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu. Inafaa aulizwe faraghani, kwa sauti ya kawaida: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Akikubali, aulizwe kama amepanga, ni lini, na kama anacho cha kutumia; mwenye mpango asiachwe peke yake hadi afikishwe kwa mtaalamu, wala asiahidiwe kwamba siri yake haitamfikia mtu mwingine. Kauli kama "jikaze" au "mshukuru Mungu", ingawa husemwa kwa upendo, humfunga mdomo.

Kwa kuwa kilele cha dhiki mara nyingi hupita baada ya muda mfupi, kuondoa sumu za shambani na akiba ya dawa ndani ya nyumba huokoa maisha kwelikweli: Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kuanzia miaka ya 1990, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa zaidi ya nusu. Aidha, majuma ya kwanza baada ya mgonjwa kutoka hospitalini yana hatari kubwa, na hapo ndipo mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tayari huzipitia kaya kufuatilia wajawazito na watoto, anapopaswa kupewa mafunzo na jukumu la kumtembelea mgonjwa huyo na kumuuliza tena.