KWA NINI HAWAONDOKI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme juu ya wageni wenye biashara ndogo za utalii huku mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani: mwenye vyumba vitano vya kulaza watu, mwenye mkahawa wa meza sita, mwenye kufundisha kuteleza majini kwa tiara. Husemwa kwamba wamefuata fedha, na fedha ikikatika watafunga virago. Sisi wenye maduka twawauzia unga, mafuta na sabuni. Na daftari zetu zasema vingine.

Mwenye kutaka faida tu hujenga hoteli kubwa, na hesabu zikipinda huiuza. Huyu mdogo alikuja kwanza kutembea. Akaipenda bahari inayokupwa ikarudi mbali, akaupenda upepo wa kaskazi na wa kusi, akapenda saa zake ziwe zake. Akipata riziki ya kumvusha masika, wageni wasipokuja, hushukuru wala hatafuti nyumba ya pili.

Lakini bahari humleta mtu, haimweki. Wala ardhi haimfungi, kwani ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mgeni huikodi tu kwa muda. Basi humweka nini?

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipokatiza safari za ndege, vyumba vilikaa vitupu. Katika wateja wetu, walioondoka upesi ni wale tusiojuana nao ila kwa bei. Waliobaki ni wale ambao watoto wao hucheza na wetu, ambao wavuvi huwaita kwa majina, na ambao tuliwaandikia deni bila ya kutaka rahani. Deni lile lililipwa. Na aliyechelewa alikuja mwenyewe dukani kututaka radhi.

Wazee wetu walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamelishika jembe. Kwa hiyo, ndugu zetu, tusiwapime wageni wote kwa pishi moja. Anayeziba njia ya wavuvi kwenda pwani tumkatalie, awe mkubwa au mdogo. Anayeishi nasi kwa ujirani tumtunzie ujirani huo, kwani ndio unaomweka. Na akiondoka yeye, hupungua mshahara wa mpishi wake, samaki wa mvuvi hukosa mnunuzi, na daftari letu hufungwa.