Baba wa Nyumba na Dereva wa Gari la Moshi



Katika Yubilei hii ya Jimbo letu tumewakumbuka mapadre, masista na makatekista waliolima shamba la Bwana. Ndiyo haki yao. Walakini Kanisa halikujengwa na hao peke yao. Limejengwa pia na akina baba waliotoka nyumbani kabla ya jua, wakavaa nguo za kazi, wakarudi jioni na riziki ya watoto. Kwa hiyo twataka kuwaeleza habari za mmoja wao, mtu wa Marekani aliyefanya kazi ya reli, jina lake John Luther Jones, ambaye wenzake walimwita Casey.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1863. Alikulia karibu na mji mdogo wa Cayce katika Kentucky, na jina lake la utani lilitoka hapo. Tangu ujana wake aliipenda reli. Kwanza alipeleka habari kwa simu, kisha akafunga breki za mabehewa, kisha akachochea moto wa mashine, hata mwaka 1891 akawa dereva katika kampuni ya Illinois Central. Ninyi watu wa reli mwaijua ngazi hiyo: aketiye juu leo alianza chini, katika moshi na mafuta.

Mwaka 1886 alimchumbia binti Mkatoliki, Janie Brady. Wako wanaume wanaodhani ya kuwa dini ni mambo ya mke na watoto. Yeye hakudhani hivyo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alibatizwa huko Whistler katika Alabama, na baada ya wiki mbili wakafunga ndoa kanisani katika mji wa Jackson, Tennessee. Mungu akawajalia watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Waliomjua walisema kwamba hakunywa pombe. Kila mama anayengoja mlangoni siku ya mshahara ajua thamani ya neno hilo.

Lakini tusimpambe kwa sifa za uongo. Kampuni ilimsimamisha kazi mara 9 kwa kuvunja kanuni. Alipenda mno kufika kwa saa yake, na mwendo wa kasi ulikuwa jaribu lake.

Sasa sikilizeni habari za usiku wa tarehe 30 Aprili 1900. Inasimuliwa ya kuwa zamu ile haikuwa yake. Mwenzake alikuwa mgonjwa, naye akakubali kushika mahali pake. Gari lilitoka Memphis saa saba kasoro dakika kumi usiku, limechelewa zaidi ya saa moja. Safari ya kwenda Canton ilikuwa maili 188. Aliyechochea moto alikuwa mtu mweusi, Sim Webb. Wawili hao walifanya kazi kwa bidii hata karibu muda wote uliopotea ukarudi.

Huko Vaughan, katika Mississippi, magari ya mizigo yalikuwa yameingia katika njia ya kupishana, lakini yalikuwa marefu kuliko njia yenyewe. Walipokuwa wakiyasogeza, mpira wa hewa ya breki ulipasuka, na mabehewa ya nyuma yakabaki katika njia kuu. Saa kumi kasoro dakika nane Sim Webb aliona taa nyekundu za behewa la mwisho, akapiga kelele. Casey alimwambia aruke. Yeye mwenyewe hakuruka. Alibaki akishika breki, akapunguza mwendo kadiri alivyoweza, hata mashine ikagonga. Katika watu wote wa gari lile, alikufa yeye peke yake.

Kampuni ilitoa hukumu ya kuwa kosa ni la dereva, kwani hakutii ishara ya mtu aliyetumwa nyuma kumwonya. Sim Webb aliishi hata mwaka 1957, naye alishuhudia ya kwamba hawakumwona mtu huyo. Sisi hatuwezi kukata shauri hilo. Twaweza kusema hivi: hata kama alikosa kwa haraka yake, saa ya mwisho haraka ile haikumtawala tena. Alikuwa na nafasi ya kuiokoa nafsi yake, akawapa wengine nafasi hiyo.

Tena angalieni jambo hili. Siku zile, katika majimbo yale ya kusini, mtu mweusi aliruhusiwa kuchochea moto, lakini hakupewa kuwa dereva hata awe na ujuzi namna gani. Hata hivyo sifa za Casey zilitunzwa na watu weusi: Sim Webb kwa ushuhuda wake, na Wallace Saunders, msafisha mashine wa Canton, aliyekuwa wa kwanza kumtungia wimbo. Walionyimwa heshima hawakumnyima mwenzao heshima yake.

Na Janie je? Hakuolewa tena. Aliwalea watoto wale watatu, akafa mwaka 1958, baada ya miaka 58 ya ujane. Dunia iliimba habari za mume, lakini kazi ndefu ilikuwa ya mke.

Hapo ndipo neno letu linapowafikia ninyi. Kwetu baba akifa kazini, twalia sana, twachimba kaburi, twasema maneno mazuri. Kisha, matanga hayajaisha, wako ndugu wanaoanza kuhesabu mabati, vyombo na mifuko ya mahindi, na mjane akiwapo na watoto wake miguuni. Hiyo si desturi ya kuheshimu marehemu, ni kumwibia. Aliyatafuta hayo kwa jasho lake, nao ndio aliowatafutia.

Basi mwezi wa Novemba, mtakapoandika majina ya marehemu ili waombewe katika Misa, andikeni na majina ya baba zetu wa reli, wa bandari na wa mashamba. Tena mtokapo kanisani, piteni nyumbani kwa wajane wao, mwone kama paa lavuja, na kama watoto wamekwenda shuleni.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Amina.