Bodi ya Pikapu ya Shule: Tuifunike kwa Nini?

(Maneno yaliyosemwa bwaloni na mwenzetu mmoja, mwenye gereji mjini Tanga, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Nimepewa dakika ishirini, na Ndugu Katibu ameniambia waziwazi kwamba nikizidisha ataigonga kengele ya chakula. Basi nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: tuweke kitu gani ndani ya bodi ya pikapu tuliyoichangia shule? Naona wengine mnacheka. Mlidhani mtu aliyemaliza mwaka 1979 ataletwa hapa kuwaeleza siri za maisha. Mimi ni fundi wa bodi, nazijua bodi. Tena katika barua ya kamati nimesoma mapendekezo matatu, na moja kati ya hayo limeninyima usingizi. Nitalifikia.

Jana jioni niliomba ufunguo nikaingia nyuma ya ile gari na tochi. Gari ni nzima, injini haina neno. Lakini bodi imechoka. Inabeba mahindi ya jikoni, kuni, saruji, na usiku wa manane inambeba kijana aliyezidiwa na homa mpaka hospitali ya wilaya, amelazwa juu ya godoro. Rangi ya sakafu imekwisha. Pembeni, karibu na bawaba za mlango wa nyuma, nilisukuma bisibisi kidogo ikapenya mpaka chini.

Pendekezo la kwanza la kamati ni kununua beseni la plastiki, lile ambalo hutumbukizwa ndani ya bodi likakaa kama sufuria ndani ya sufuria. Bei yake inavumilika, na ukiliangushia jiwe halilii. Ubaya wake uko chini yake, mahali ambapo jicho halifiki. Gari ikitikisika njiani, beseni nalo hutikisika. Mchanga huingia katikati, ukawa msasa unaosugua rangi kila siku. Maji huingia pia na hayana pa kukaukia. Sisi wa pwani tunaobebewa samaki na barafu tunajua habari za maji ya chumvi. Nimewahi kulitoa beseni kama hilo katika gari ambalo kwa juu lilipendeza kama jipya, na chini nikakuta chujio la nazi.

Tena plastiki hiyo huteleza. Gunia likiachwa mbele, mkifika mlimani mnalikuta mlangoni. Sasa fikirini habari ya lile godoro.

Na hapa naomba dereva wa shule anisikilize, maana nilimwona asubuhi kituoni. Petroli ya jenereta haijazwi katika dumu likiwa juu ya bodi! Vijana wa fizikia wanajua kwamba ukisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele huvuta vipande vya karatasi. Huo ni umeme tuli. Mafuta yanapotiririka kuingia dumuni hujenga umeme wa namna hiyo, na dumu likiwa limekalia plastiki umeme hauna njia ya kushukia ardhini. Cheche ndogo ikiruka mdomoni mwa dumu, pale penye mvuke wa petroli, inatosha. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilitoa onyo juu ya mioto iliyotokea hivyo katika pikapu zenye mabeseni ya plastiki. Dumu lishushwe chini, liwe mbali na gari, na mdomo wa mpira wa mafuta uguse dumu muda wote wa kujaza. Hata kama bodi ni chuma kitupu, fanya hivyohivyo.

Pendekezo la pili ni utando wa kupuliza. Hii ni dawa ya aina mbili za maji zinazokutana kwenye bunduki ya kupulizia, zikishika chuma hugeuka kuwa ngozi ngumu kama soli ya kiatu. Ziko za poliyurethani, ziko za poliyurea, na ziko zilizochanganywa. Poliyurea hupulizwa na mtambo wenye shindo kubwa, dawa ikiwa imepashwa joto la nyuzi 60 na zaidi, nayo huganda kwa sekunde chache. Mimi nausifu utando huu, kwa sababu ukishikwa sawasawa hauachi nafasi ya maji wala mchanga kupita chini yake. Mzigo hautelezi ovyo. Kelele zinapungua. Lakini wenye kubeba mchanga wa kujengea wajue kwamba koleo halipendi sakafu yenye vipele, basi waombe wapulizwe ya laini kiasi. Na jua la kwetu huifanya dawa nyeusi ya kawaida ipauke ikawa ya kijivu. Kupauka huko si kuharibika, ila mwenye kupenda urembo aulize mapema kama kuna tabaka la juu la kuzuia jua.

Mtu akija kwenu na kopo, akasema atawafunika bodi nzima, msimwulize jina la dawa. Mwulizeni ana lita ngapi. Hesabu yake ni ya Kidato cha Kwanza. Nimeipima bodi ya shule kwa futi kamba: urefu mita 2.3, upana mita 1.5, kimo cha kuta sentimeta 45. Sakafu na kuta zote, pamoja na mlango, ni karibu mita 7 za mraba. Utando wa kazi nzito sakafuni huwa wa milimita 3 hivi. Mita 7 za mraba mara milimita 3 ni lita 21. Sasa yule wa kopo la lita 4 atawapa nusu milimita na kitu kidogo, tena hapo hajamwaga tone. Hiyo ni rangi. Huenda ni rangi nzuri, lakini alipwe bei ya rangi.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko dawa yenyewe, ni matayarisho. Utando hushika kile ulichoupulizia. Ukiupuliza juu ya mafuta, umeshika mafuta. Ukiupuliza juu ya kutu, umeifungia kutu chumbani na inaendelea kula polepole bila ya mtu kuiona. Kwa hiyo matundu yachomelewe kwanza. Msiseme tutachomelea baadaye, maana utando ukiungua chini ya moto wa kuchomelea hutoa moshi wenye sumu, na fundi mwenye akili ataubandua mahali pale kabla ya kuanza. Kisha kutu isagwe mpaka chuma king'ae, bodi ioshwe kwa sabuni na maji baridi mengi ili kuondoa chumvi, na rangi ya zamani ipigwe msasa mpaka ipoteze mng'ao wote. Halafu fanyeni jaribio nililofundishwa na mzee mmoja aliyeanza kunyoosha bodi kabla mimi sijazaliwa: mwagieni maji safi. Maji yakijikusanya matonematone kama juu ya jani la mgomba, bado pana mafuta, rudini kazini. Yakitandaa kama shuka, pako safi, kausheni vizuri. Kwenye chuma kitupu ipakwe rangi ya msingi inayopatana na dawa hiyo. Matundu ya kutolea maji na nafasi za bolti zizibwe kwa karatasi ya gundi kabla ya kupuliza, zifunguliwe baada yake. Nimeona gari lililopulizwa vizuri sana, likageuzwa bwawa.

Sasa nalifikia pendekezo la tatu. Limeandikwa kwa nia njema, na aliyeliandika ni rafiki yangu wa bweni moja. Anasema tununue dawa na bunduki ndogo ya kutumia kompresa, na vijana wa ufundi waifanye kazi hiyo wakati wa likizo, wajifunze na shule iokoe fedha.

Ndugu zangu, mwaka 2012 mimi nilifanya hivyohivyo. Nilinunua vifaa vya bei nafuu nikaanza kupuliza bodi gerejini kwangu. Nilikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa, mwepesi wa kazi, mkono wake umetulia kuliko wangu. Nilimpa barakoa ya karatasi na kofia, nikadhani nimemtendea haki. Alipuliza miezi kadhaa. Akaanza kukohoa jioni, mimi nikasema ni vumbi la msasa. Akawa anaamka usiku kifua kimembana. Akipumzika siku mbili anapata nafuu, akirudi kazini hali ni ileile. Nilichelewa kuelewa, na sababu ya kuchelewa ni kwamba kazi zilikuwa nyingi na alikuwa anazifanya vizuri. Daktari ndiye aliyeuliza: unapuliza nini?

Katika mojawapo ya zile dawa mbili mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Dawa ikishakauka haina neno, mtoto anaweza kulala juu yake. Hatari iko katika ukungu na mvuke wake wakati wa kupuliza. Huweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishaizoea kwa ubaya, hata kiasi kidogo baadaye huamsha shambulio. Mwaka 2003, huko Michigan, Marekani, fundi mmoja wa kupuliza utando wa namna hii alikufa kwa pumu. Mwaka 2006 taasisi ile niliyoitaja ilitoa onyo juu ya kazi hii hasa. Barakoa ya karatasi haizuii kitu. Mpulizaji anatakiwa avae kifuniko kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, glovu na ovaroli, ndani ya chumba chenye feni za kutoa hewa, na wengine wote wakae mbali.

Kijana wangu sasa anauza vipuri. Amenipa ruhusa niwaeleze habari hii. Ana kichupa cha kuvuta dawa mfukoni, na hawezi kupita mbele ya duka la kupiga rangi. Mimi vile vifaa niliviondoa, na magari ya wateja wangu nayapeleka kwa mwenye mtambo kamili. Sina hisa katika biashara yake, na kabla ya kumpelekea gari la kwanza nilikwenda nikasimama mlangoni kwake siku nzima nione watu wake wanavaa nini.

Kwa hiyo naomba kamati ilifute pendekezo la tatu. Vijana wa ufundi wafanye yale yanayowafaa: wafungue bolti, wapime, waoshe, wapige msasa wakiwa na barakoa za vumbi, wafanye jaribio la maji. Kuchomelea nitakufanya mimi, bure, gari ikiletwa Tanga. Kupuliza kufanywe na mwenye mtambo. Na fedha zikipungua, tusikimbilie kopo: tupake rangi ya kuzuia kutu, tutandike mkeka mzito wa mpira, uinuliwe kila Jumamosi, bodi ioshwe na kuanikwa.

Ndugu Katibu, naona umeshika kengele. Gari langu mwenyewe liko nje chini ya mwembe, limepulizwa miaka sita iliyopita. Anayetaka kuona apande baada ya chakula, na aangalie kona ya kushoto karibu na mlango, pamebanduka kidogo. Pale sikupiga msasa vizuri.