Rosetta Tharpe: Gitaa la Kanisani Lililoingia Klabu

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanakwaya na wanakisomo. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)

Ndugu zangu wanakwaya, akina mama, na ninyi wazee mliokaa kule chini ya mwembe,

Mlinitaka nizungumze habari za nyimbo za Injili zilizochanganyika na jazi. Nikafikiri, nikisema habari za muziki mtupu mtasinzia. Afadhali niseme habari za mtu. Mtu huyo ni mwanamke mweusi wa Marekani, jina lake Rosetta Tharpe. Wenyewe walimwita Sista Rosetta. Msidhani alikuwa mtawa! Katika kanisa lake "sista" ni kama sisi tunavyosema dada katika Bwana. Huyu aliolewa mara tatu.

Kwanza tulielewe neno jazi. Sisi tulilizoea katika majina ya bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Zile zilikuwa bendi zetu za dansi, na muziki wao ulikuwa wa kwetu uliochanganyika na rumba. Jazi ya Marekani ni kitu kingine. Ni muziki wa watu weusi wa huko, uliokua katika mji wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Wanapiga tarumbeta, saksafoni, piano na ngoma. Mdundo wake haukai pale unapoutegemea. Unachelewa kidogo, au unawahi kidogo, na mpigaji anabuni palepale. Tena ulipigwa sana kwenye vilabu, watu wakinywa na kucheza. Basi hapo ndipo matata yanapoanza kwa mtu wa kanisa.

Rosetta alizaliwa tarehe 20 Machi 1915, mahali panapoitwa Cotton Plant, katika jimbo la Arkansas. Jina hilo maana yake ni mpamba, na kweli palikuwa mahali pa pamba. Mama yake, Katie Bell, alichuma pamba. Ninyi mnaolima pamba mnajua mgongo unavyouma jioni. Lakini mama huyo alikuwa pia mhubiri na mwimbaji, tena alipiga mandolini, chombo kidogo cha nyuzi nane.

Kanisa lao lilikuwa la Kipentekoste, Kanisa la Mungu katika Kristo. Makanisa mengi ya wakati ule hayakutaka ngoma wala gitaa katika ibada. Hili lilikubali. Ngoma, matari, gitaa, makofi, vyote viliingia, mradi vimsifu Mungu. Kukatazwa kulikuwa kwenda navyo nje, kwenye dansi. Shikeni hilo, maana maisha yake yote yamezunguka hapo.

Alianza kushika gitaa akiwa na miaka 4. Alipofika miaka 6 alikuwa akisafiri na mama yake, mama anahubiri, mtoto anapiga na kuimba. Katikati ya miaka ya 1920 wakahamia Chicago. Miaka ile watu weusi wengi waliyaacha mashamba ya kusini wakaenda miji ya kaskazini kutafuta kazi viwandani, na kukimbia ubaguzi mkali. Chicago ilijaa muziki. Jumapili Rosetta alipiga kanisani, lakini masikio hayana mlango. Jazi na bluzi alizisikia mitaani, akazichota.

Ninyi vijana mnaopiga gitaa la kwaya, sikilizeni hapa. Watu wengi walilikung'uta gitaa tu, nyuzi zote pamoja, ili lishike mdundo nyuma ya mwimbaji. Rosetta aliudonoa uzi mmoja mmoja, akaufanya useme. Kwetu tungesema alipiga solo. Aliimba mstari, akanyamaza, gitaa likamjibu. Na alifanya hivyo yeye mwenyewe, mwanamke, bila kusubiri mwanamume ampigie. Baadaye aliposhika gitaa la umeme, mlio ulikuwa mkali hasa.

Mwaka 1934 aliolewa na mhubiri, Thomas Thorpe. Ndoa ile haikudumu. Jina alibaki nalo, ila herufi moja ikabadilika, likawa Tharpe.

Mwaka 1938 ndio uliogeuza mambo. Alikwenda New York akaajiriwa Cotton Club. Hii ilikuwa klabu kubwa, ambapo watu weusi walipiga muziki na wateja wengi walikuwa Wazungu. Rosetta akaimba nyimbo za Injili humo, kwenye moshi wa sigara, akiwa pamoja na bendi ya Cab Calloway. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo akarekodi nyimbo 4 na kampuni ya santuri ya Decca. Mmoja ni "Rock Me", wimbo wa Thomas Dorsey, mtu aliyewahi kupiga piano ya bluzi kabla ya kuwa mtunzi mkuu wa nyimbo za Injili. Tarehe 23 Desemba Rosetta akaimba Carnegie Hall, ukumbi wa watu wakubwa. Miezi mitatu tu, na jina limeenea.

Je, watu wa kanisa walisemaje? Mnaweza kukisia. Wengi walichukia. Walisema amechukua kitu kitakatifu akakipeleka kwa walevi. Na mambo yalizidi alipojiunga na bendi ya Lucky Millinder mwaka 1941. Humo aliimba hata nyimbo zisizo na Mungu ndani yake. Wimbo mmoja wa mwaka 1942 ulikuwa wa mwanamke anayetaka bwana mrefu mwembamba! Hapo, ndugu zangu, hata mimi naona wazee wa kanisa walikuwa na haki ya kukunja uso. Lakini wimbo wa Injili kuimbwa klabu, hilo sioni kosa lake. Mlevi naye ana masikio.

Aliiacha bendi ile, akarudia Injili, lakini hakuiacha jazi. Mwaka 1944 alirekodi "Strange Things Happening Every Day", pamoja na Sammy Price, mpigaji piano wa bugi. Bugi ni ule muziki ambao mkono wa kushoto unakwenda kama garimoshi, haupumziki. Mwaka 1945 santuri hiyo ilifika nafasi ya 2 katika orodha ya gazeti la Billboard ya muziki wa watu weusi. Leo wengi wanaosoma historia ya muziki husema roki ilianza kuchungulia pale.

Msifikiri sifa ile ilimletea raha. Alipozunguka majimbo ya kusini hoteli za Wazungu hazikumpokea, wala mikahawa haikumruhusu kukaa. Alilala ndani ya basi lake. Kuna wakati alizunguka na waimbaji wanne Wazungu, Jordanaires, ambao baadaye waliimba na Elvis Presley. Wao waliingia kula, kisha wakamletea chakula ndani ya basi. Anayejaza ukumbi anakula garini!

Mwaka 1946 alimwona Marie Knight akiimba New York, akamchukua wazunguke pamoja. Wanawake wawili, sauti moja nyembamba na moja nzito, wakaimba na kupiga wenyewe. Mwaka 1947, katika mji wa Macon, Rosetta alimsikia kijana akiimba nje ya ukumbi. Akamwita jukwaani, na mwishowe akampa fedha. Kijana yule ndiye aliyekuja kuwa Little Richard.

Sasa harusi. Tarehe 3 Julai 1951 Rosetta aliolewa na Russell Morrison katika uwanja wa michezo mjini Washington. Watu walinunua tikiti! Waliofika walikuwa kati ya 20,000 na 25,000, kwa hesabu zinazotajwa. Inasimuliwa kwamba uwanja na siku vilipangwa kabla bwana harusi hajapatikana. Baada ya kiapo, bibi harusi alishika gitaa akapiga, palepale, na shela lake. Fataki zikarushwa. Mimi sikuipenda habari hii nilipoisoma mara ya kwanza. Ndoa si onyesho. Lakini mama mmoja wa kwaya hapa aliniambia, "Mwalimu, hata sisi harusini tunatunza bibi harusi mbele ya watu." Nikanyamaza.

Baada ya hapo upepo uligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirekodi bluzi kidogo, na watu wa kanisa waliomsamehe mwanzoni hawakusamehe tena. Waimbaji wapya wakaja. Roki, ambayo yeye aliitangulia, ikachukuliwa na vijana, na waliopata fedha nyingi hawakuwa wanawake weusi.

Ulaya ndiko alikopata wasikilizaji tena. Mwaka 1957 alizunguka Uingereza na bendi ya jazi ya Chris Barber. Tarehe 7 Mei 1964 televisheni ya Granada ilimpiga picha katika stesheni ya reli isiyotumika tena, mjini Manchester. Wasikilizaji walikaa upande mmoja wa reli, yeye akapigia upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Akaja kwa gari la farasi, akashuka na koti lake, akashika gitaa la umeme, akaanza na "Didn't It Rain", wimbo wa gharika ya Nuhu. Hakuna aliyekumbuka kulowa.

Mwaka 1970 alipata kiharusi, na kwa ajili ya kisukari akakatwa mguu. Aliendelea kuimba. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1973 mjini Philadelphia. Kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe. Mtu aliyejaza uwanja wa Washington! Mwaka 2008 wapenzi wa muziki wake walifanya onyesho, wakachanga fedha, jiwe likawekwa. Mwaka 2018 jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la Roki.

Haya, maneno yanatosha. Ile picha ya Manchester kijana huyu anayo kwenye simu. Mlio nyuma sogeeni, na watoto wakae mbele. Mtazameni mkono wake wa kulia.