Karatasi Tatu Ukutani: Usimamizi wa Matabibu wa Meno Hapa Ramisi



Mtu aliyekesha na jino haulizi karatasi. Anauliza ni nani atakayemwondolea maumivu, na kwa shilingi ngapi. Sheria ya kusimamia matabibu wa meno isiyoanzia hapo haijafika Ramisi.

Sheria yenyewe si changa. Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, inayosimamia madaktari na matabibu wa meno, ilianza kutumika mwaka 1978, na bodi iliyoundwa chini yake ikageuzwa kuwa Baraza mwaka 2019. Baraza humsajili mtu kwa kutazama masomo yake, kisha humpa leseni ya kila mwaka, na hawezi kuihuisha asipoonyesha kwamba anaendelea kujifunza. Kando ya hiyo, Baraza hutoa leseni ya kituo: chumba, vifaa, namna vyombo vinavyosafishwa. Kwa hiyo daktari halali aweza kukutwa katika chumba kisicho halali, na chumba halali kikakaliwa na asiyestahili.

Karatasi ya tatu ndiyo inayoninyima raha. Ni kibali cha biashara cha kaunti. Kina nembo, kina muhuri, kina mwaka. Kinathibitisha kwamba mwenye chumba amelipa ada yake, basi. Kinyozi anacho, muuza mabati anacho. Lakini kikitundikwa juu ya kiti cha kung'olea meno, mgonjwa huiona nembo ya serikali akatulia, akafungua kinywa. Hakuna aliyemwambia uongo. Amedanganyika kwa karatasi ya kweli iliyowekwa mahali pasipo pake.

Waingereza walilipitia jambo linalokaribiana na hili. Sheria yao ya mwaka 1878 ilimkataza asiyesajiliwa kujiita daktari wa meno, ila haikumkataza kung'oa. Watu wakabadilisha mabango, koleo likabaki lilelile. Mlango huo ulifungwa mwaka 1921, na hata hapo wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo kwa miaka waliruhusiwa kusajiliwa, kwa kuwa wenye vyeti hawakutosha nchi nzima.

Siombi tuwasajili wang'oaji wetu wa mitaani. Chombo kisichotakaswa chaweza kubeba homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Mzizi ukivunjikia ndani, uvimbe waweza kushuka chini ya taya hadi shingoni na kuziba pumzi. Watu hufa kwa jino. Hata hivyo swali la Waingereza ni letu pia: ukimfunga mng'oaji leo, kesho mgonjwa aende wapi? Hospitali ya rufaa iko Msambweni. Kwa mkata miwa anayelipwa kwa kazi ya siku, safari hiyo ni nauli pamoja na ujira wa siku nzima, naye ana watoto wanaosubiri unga.

Ndiyo maana naona jambo kubwa kuliko yote katika mabadiliko ya 2019 ni lile lililozungumzwa kidogo: maafisa wa afya ya kinywa wa jamii waliingizwa katika sheria hiyo pamoja na madaktari. Hawa husomea stashahada, hung'oa meno ya kawaida, huziba, husafisha, na humtuma kwa daktari mgonjwa ambaye tatizo lake limezidi uwezo wao. Mmoja wao akikaa katika kituo cha afya kilicho karibu, mng'oaji wa mtaani ataanza kukosa wateja kabla hata askari hajafika.

Wageni nao wamo. Daktari wa Ulaya anayekuja Diani kwa kambi ya matibabu anahitaji leseni ya muda, hata akiwa hatozi senti. Wema wake hauondoi haja ya kujulikana ni nani. Na aliyesajiliwa Tanzania, hata akivuka Horohoro na vyeti vyake vyote, bado anahitaji ruhusa ya Baraza letu.

Kuna jambo watu hawaambiwi. Mwenye leseni akikuumiza, unaweza kumshtaki mbele ya Kamati ya Nidhamu na Maadili ya Baraza, na riziki yake yote iko hatarini. Asiye na leseni hana cha kunyang'anywa pale. Utabaki kumfuata polisi na mahakamani, ikiwa bado hajahama.

Basi ulizeni jina kamili na namba ya usajili kabla ya sindano ya ganzi. Sajili ya Baraza iko wazi kwenye intaneti. Kijana mwenye simu atamtafutia bibi yake. Na kwa kuwa leseni hizi huisha Desemba, kila Januari orodha ya walioruhusiwa ibandikwe zahanati, kwa chifu na misikitini. Kaunti nayo, inayoendesha zahanati zetu tangu 2013, isitoe kibali cha biashara kwa chumba cha meno kabla ya kuziona leseni mbili za Baraza, ya mtu na ya kituo. Karani anayepiga muhuri huo yuko Kwale, hayuko Nairobi, na naomba aanze Januari ijayo.