Nani Atasahihisha? Kazi za Nyumbani katika Shule za Msingi za Karagwe na Kyerwa

Mjadala wa kazi za nyumbani kwa watoto wa shule ya msingi umezoeleka kuwa mjadala wa kiasi: wapewe nyingi au chache, kila siku au mara mbili kwa wiki. Hoja yangu ni kwamba swali la kiasi ni la pili. La kwanza ni nani atasahihisha. Kazi ambayo mwalimu hana muda wa kuisahihisha, na nyumbani hayupo wa kuisahihisha, humzoesha mtoto kosa lake. Analiandika leo, analirudia kesho, na hadi mwisho wa muhula limeshakuwa ndilo analolijua. Nitaitetea hoja hii kwa mifano ya wilaya mbili zilizokuwa moja hadi 2012, Karagwe na Kyerwa, na kwa kazi tatu ambazo mtoto hubeba kwenda nazo nyumbani: kuandika, hesabu na imla.

Tuanze na hesabu ya mwalimu mwenyewe. Kiwango kilichowekwa nchini ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Akitoa kazi tatu kwa siku, kesho yake ana madaftari 135 mezani. Kila daftari likipewa dakika moja tu, hizo ni saa mbili na robo kabla hajaandaa somo hata moja. Na hiyo ni shule iliyojaliwa. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walikuja shule, jambo jema kabisa, na madarasa yakafurika. Katika darasa la watoto 90, saa mbili na robo zinakuwa nne na nusu. Insha ya mtoto haisomeki kwa dakika moja, hivyo mwalimu aliyeelemewa hupiga vema moja kubwa kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Simlaumu, lakini vema ya kazi isiyosomwa ni uongo mdogo kwa wino mwekundu, na mtoto huuamini.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizofanyika kati ya 1987 na 2003. Waliona kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni wa wazi kwa wanafunzi wa sekondari, lakini kwa watoto wa madarasa ya chini ni dhaifu sana. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba yalikuwapo pia majaribio machache yaliyoonyesha faida hata kwa wadogo, pale kazi ilipohusu mada iliyotoka kufundishwa na mtihani ukawa wa mada hiyo hiyo. Ikumbukwe kwamba hao ni watoto wa Marekani, ambako taa, meza na mzazi aliyesoma si vitu vya kutafutwa. Ikiwa huko faida ni ndogo, sisi tuna sababu zaidi ya kuchagua kwa uangalifu.

Mazingira yetu yana tabia yake. Kyerwa iko kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi lakini inafuata saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchwa huko takriban nusu saa baadaye, na asubuhi huchelewa kuchomoza kwa kiasi kama hicho. Mtoto anatoka nyumbani gizani, lakini akirudi mchana mwanga bado upo wa kutosha. Ungedhani hiyo ni bahati kwa daftari, kumbe mwanga huo una wadai wengine: maji, kuni, mbuzi, palizi ya maharage, na kuanzia Mei kuna kahawa ya kuchuma, kuanika na kuanua mvua inapotisha. Kinachobaki kwa daftari ni usiku. Si haki kuita uvivu kitu ambacho kwa kweli ni zamu ya kazi katika kaya ya mkulima, na mwalimu anayetoa kazi ya saa nzima mwezi wa Juni anapima wingi wa kahawa ya baba, hapimi akili ya mtoto.

Sasa imla. Maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo mtoto wa hapa hababaishwi na tahajia za ajabu kama mwenzake anayejifunza Kiingereza. Anababaishwa na sikio. Kinyambo, lugha anayoamka nayo, hakitenganishi maneno kwa l na r, na hakina sauti za dh, th na gh. Ndiyo maana anaandika "kura" akikusudia "kula", na "zahabu" badala ya "dhahabu". Kumwambia akanakili neno hilo mara 10 nyumbani ni kuzoesha mkono wakati tatizo liko masikioni, na imla bila msomaji si imla. Kazi hii ibaki darasani: maneno manane kila asubuhi, watoto wabadilishane madaftari, majibu yaandikwe ubaoni. Dakika 15 zinatosha. Tukitaka lazima ifike nyumbani, Karagwe ina redio ya jamii, FADECO. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi hadi Juni 2020, masomo yalirushwa redioni nchi nzima, na imla ni somo jepesi kuliko yote kurusha kwa njia hiyo.

Hesabu ni habari tofauti, kwa sababu hesabu hujisahihisha. Kutoa huhakikiwa kwa kujumlisha, kugawanya kwa kuzidisha. Mtoto aliyefundishwa kuhakiki hahitaji mzazi aliyemaliza darasa la saba. Lakini kwa nini tumpe maswali 20 ya tarakimu tupu? Chukua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali maua mtini, ambayo serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Swali liwe hivi: familia inatarajia magunia manne ya kahawa ya maganda, kila gunia kilo 50. Mlanguzi anatoa shilingi 1,200 kwa kilo leo, na msimu ukifika chama cha msingi kitalipa 3,000. Familia itapoteza kiasi gani? Kilo 200, tofauti ya shilingi 1,800, jumla shilingi 360,000. Hizo bei ni za mfano, lakini mtoto aweke bei halisi za kijijini kwake. Swali moja kama hilo lina kuzidisha, kutoa na kuhakiki, na linaweza kujibiwa kwa kijiti ardhini huku mbuzi wakilishwa. Baba akilisikia anaweza kubisha bei, na hapo tumepata msahihishaji ambaye hatukumwajiri.

Kuandika kunafuata njia hiyo hiyo. Bibi asiyejua kusoma anajua hatua za kukamua ndizi mpaka ziwe rubisi, pombe ya ndizi, kuliko kitabu chochote cha kiada. Amsimulie mjukuu kwa Kinyambo, mtoto aandike sentensi tano kwa Kiswahili, kisha amweleze bibi alichoandika. Akiruka hatua, bibi atamkatiza. Mwalimu naye asome madaftari 10 kwa siku kwa zamu, ayasome kweli, badala ya kuyapitia 90 kwa kalamu inayokimbia.

Najua pingamizi. Wazazi wengi huipima shule kwa uzito wa begi, na shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza hutoa kazi kila siku. Je, tukipunguza hatutawaacha watoto wa wakulima nyuma zaidi? Hofu hiyo ni halali, kwani mbele yao kuna upimaji wa Darasa la Nne. Lakini pengo haliletwi na wingi wa kazi. Linaletwa na mtu anayekaa kando ya mtoto wakati anaifanya. Tukiongeza kazi bila kuongeza mtu huyo, mwenye taa na kaka wa sekondari atasonga mbele, na asiye navyo atachapwa kwa kutomaliza. Wengine husema kazi hujenga nidhamu. Hata kuanua kahawa kabla ya mvua hujenga nidhamu, na mtoto wa Kyerwa anayo tele.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na kamati za shule, kuanzia Nyaishozi na Ihembe hadi Nkwenda na Murongo: kila kazi inayotoka darasani iandikiwe kwenye ratiba saa ya kusahihishwa kwake. Isiyo na saa hiyo isitolewe.